KIBANJA CHA MAMA

Katika nchi ya Karagwe, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, kuna mahali paitwapo Bweranyange. Hapo zamani palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, watu wa ukoo wa Wahinda. Speke na Grant, Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile, walifika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861, wakapokewa kwa wema mwingi. Grant aliugua mguu, hata asiweze kusafiri. Basi mwenzake akatangulia kwenda Buganda, naye akabaki Karagwe katika ulinzi wa mfalme mpaka mwaka 1862.

Baba yake Rumanyika aliitwa Ndagara, naye husimuliwa kuwa alikuwa hodari wa kufua chuma. Miongoni mwa vitu vya ufalme wa Karagwe walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma, wenye pembe ndefu kama za ng'ombe wa nchi ile. Wafuaji wamekufa, na wafalme wamekufa, lakini vitu vile vya chuma vinatajwa katika vitabu mpaka leo.

Hivyo ndivyo wafalme wanavyokumbukwa. Lakini siku zile zile walikuwako Bweranyange akina mama wengi, waliolima, waliopika na kulea watoto, wala hakuna chuma kilichofuliwa kwa ajili yao. Je, hao wamesahauliwa? Somo hili ni habari ya mama mmoja wa siku za karibu zaidi, na ya watoto wake watatu. Atakayelisoma mpaka mwisho ataweza kulijibu swali hilo mwenyewe.

1. Mama, binti na mjukuu

Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, hujenga nyumba zao katikati ya migomba. Shamba hilo linaloizunguka nyumba huitwa kibanja. Kibanja si shamba tu. Humo mna migomba ya ndizi za kupika na ya ndizi za pombe, mna mibuni, na maharage chini yake. Humo watoto hucheza, na humo ndimo watu wa nyumba huzikwa. Samadi ya ng'ombe hutiwa penye mashina, na majani yaliyokatwa mbugani hutandazwa juu ya udongo, ili usikauke jua linapokuwa kali. Kwa hiyo kibanja kizuri hakipatikani kwa mwaka mmoja. Ni kazi ya mikono mingi, huyu akipokea jembe kwa yule.

Mama huyo alipoolewa, alikikuta kibanja cha mume wake kimechoka. Udongo ulikuwa mweupe, na mikungu ilikuwa midogo kama ya porini. Hakunung'unika. Kila alipopata nafasi alikwenda mbugani, akakata majani, akayafunga mizigo na kuyaleta kichwani. Hata baada ya miaka michache udongo ukawa mweusi, na watu waliopita njiani wakasimama kuitazama mikungu yake.

Naye alikuwa na desturi moja aliyowafundisha watoto wake mapema. Katika kila shina la migomba huota machipukizi mengi, na yote yakiachwa hunyang'anyana chakula, hata hakuna utoao mkungu wa maana. Basi mama aliacha mitatu tu: mmoja mkubwa ulio karibu kuzaa, wa pili unaoufuata, na wa tatu mdogo. Aliiita "mama, binti na mjukuu".

"Tazama, mwanangu," alimwambia binti yake mkubwa siku moja walipokuwa wakipalilia. "Mgomba huzaa mara moja tu. Ukiisha kutoa mkungu wake, hukatwa. Lakini hauondoki kabla binti yake hajasimama."

Binti alisikia, lakini siku ile mawazo yake yalikuwa kwenye mchezo, akaitikia tu, "Ndiyo, mama."

Machipukizi yaliyozidi mama hakuyatupa, bali aliwagawia majirani. Ng'ambo ya bonde alikuwako mwanamke kijana aliyekuwa ameolewa karibuni, ambaye kibanja chake kilikuwa kitupu. Mama alimpelekea machipukizi sita ya nshakara, aina ya ndizi za kupika aliyoipenda kuliko zote. Yule mwanamke alipotaka kumlipa kuku, mama alikataa, akasema, "Yatie samadi, yakue. Siku moja utanirudishia moja, nasi tutakuwa sawa."

2. Jiko bila mama

Binti alipokuwa Darasa la Tano, na umri wake miaka kumi na miwili, mama akaugua. Ilikuwa mwezi wa Mei. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, lakini baada ya siku chache akafariki dunia. Akazikwa katika kibanja chake nyuma ya nyumba, karibu na migomba ya nshakara aliyoipanda mwaka ule binti alipozaliwa.

Majirani waliacha majembe yao, wakaja. Wengine walileta ndizi, wengine kuni, wengine maji. Wanawake walilala na watoto sakafuni juu ya mikeka. Nyumba haikuwa na nafasi ya upweke siku hizo. Lakini matanga yalipokwisha, kila mtu akarudi kwake, maana mashamba yalikuwa yakingoja. Ndipo watoto walipojua kwamba kilio kilicho kigumu ni kile cha siku watu wakiisha kuondoka.

Vitu vya mama vilikuwa mahali pake. Kisu chake cha kumenyea ndizi kilikuwa kimechomekwa ukutani, mpini wake umesuguliwa na kiganja chake hata umekuwa laini. Kigoda chake kilikuwa kando ya mafiga. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Mtoto wa mwisho, ambaye hakutimiza miaka mitano, aliuliza jioni, "Mama atatoka kibanjani saa ngapi?" Wala hakuna aliyeweza kumjibu.

Baada ya juma moja alikuja shangazi yao. Alikaa na baba nje ya mlango, akasema, "Kaka, nyumba haiwezi kukaa bila mwanamke. Huyu mdogo nitamchukua mimi, nikamlee. Na binti yako amekwisha kuwa mkubwa. Aache shule, ashike jiko la mama yake."

Shangazi hakusema hivyo kwa ubaya. Aliwaonea huruma, na katika siku za ujana wake mambo hayo yalikuwa ya kawaida. Lakini binti alikuwa nyuma ya mlango, akasikia yote. Usiku ule alizikusanya daftari zake, akazifunga katika kanga ya zamani, akaziweka juu ya kabati kama mtu aliyemaliza kazi nazo.

Asubuhi baba aliuona ule mzigo. Akauliza, "Mwanangu, mbona umefunga daftari zako?"

"Baba, shangazi amesema kweli. Mama hayupo. Nani atapika? Nani atamwogesha mdogo wetu?"

Baba alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akasema, "Mama yako aliuza ndizi zake, mkungu mmoja mmoja, ili upate sare yako ya kwanza. Nikikutoa shule leo, nitamwambia nini kila nipitapo pale kaburini? Jiko lile nitalishika mimi na ninyi pamoja. Mikono yangu haitaanguka."

Siku hiyo hiyo akagawa kazi. Yeye mwenyewe ataamka alfajiri kuwasha moto na kuchemsha uji. Mvulana wa miaka kumi atateka maji kabla ya shule, na kukata majani ya mbuzi jioni. Binti atamenya ndizi akirudi shuleni. Mdogo atafagia uani, naye atashinda kwa jirani mpaka wenzake warudi. Shangazi aliposikia hayo alitikisa kichwa, lakini hakubisha. Akasema, "Basi kila Jumamosi nitakuja kufua." Naye akatimiza ahadi yake.

Wako watu walioona ajabu, na wengine walicheka, kumwona mwanamume amekaa na kisu akimenya ndizi. Baba hakuwajibu. Mithali husema, "Mgomba haushindwi na mkunguwe." Mtu huubeba mzigo wa watoto wake mwenyewe, hata ukiwa mzito.

3. Mikono hukumbuka

Siku za kwanza chakula kiliwashinda. Ndizi ziliungua chini, na maharage yalikuwa bado magumu. Walikula kimya kimya, na mara nyingine mdogo alisukuma sahani yake akalia. Baba alifikiri analia kwa njaa, lakini binti alijua kwamba analia kwa sababu chakula hakikuwa kile cha mama.

Hata jioni moja binti alipokuwa akimenya, utomvu wa ndizi ukampaka vidole weusi, naye akawa anafikiri juu ya hesabu za shule, wala hafikiri juu ya jiko. Mara akaona kwamba mikono yake inafanya mambo ambayo hakuiambia. Maharage yalikuwa yamekwisha kutangulia chunguni, maana ndiyo yachelewayo kuiva. Ndizi zilikuwa zimepangwa juu yake. Kisha akainuka, akakata jani bichi la mgomba, akalipitisha juu ya moto hata likalegea, akafunika nalo chungu, akalibana kando kwa vidole ili mvuke usitoke. Hapo akasimama. Ndivyo mama alivyokuwa akifanya kila siku, na yeye alikuwa akitazama kila siku, bila kujua kwamba anajifunza.

Akakivuta kigoda cha mama, akakikalia, akangoja.

Alipofunua chungu, harufu ikajaa nyumbani. Mdogo akaja mbio kutoka uani, akasema, "Leo kimenuka kama cha mama!"

Wote wakamtazama baba, kwa maana tangu matanga hawakuwa wametaja jina la mama wakati wa kula. Lakini baba akacheka. Akaanza kuwasimulia jinsi mama alivyokuwa bibi arusi mgeni, akaunguza chungu cha kwanza alichompikia mkwewe, akakificha migombani. Na mbwa akakivumbua na kukikokota mpaka mlangoni mbele ya wageni. Watoto wakacheka hata machozi yakawatoka, na mengine ya machozi hayo yalikuwa ya kilio, wala hakuna aliyeona haya. Tangu usiku ule mama akawa na mahali pake tena katika mazungumzo ya nyumba. Walimtaja walipoteka maji, walimtaja walipoanika kahawa, na mtoto mdogo aliacha kuuliza atarudi lini, akaanza kuuliza, "Mama alifanyaje hapa?"

Katika siku hizo mwalimu wao aliwaeleza habari ya Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa pwani, mzaliwa wa Pate. Alikuwa mgonjwa, akajua kwamba huenda hatapona, naye alikuwa na binti jina lake Mwana Hashima. Basi mwaka 1858 akamtungia utendi wa mawaidha, amwachie maneno yake yatakayomwongoza akiwa mtu mzima. Alifariki yapata mwaka 1860, lakini utendi wake unasomwa hata leo, na watu wasiomjua hata kidogo hujifunza kwa maneno aliyomwandikia mtoto wake.

Binti alirudi nyumbani siku ile na huzuni. Mama yake hakumwachia utendi, wala barua, wala hata mstari mmoja, maana alisoma miaka michache tu na kalamu haikumzoea. Akapita kibanjani penye kivuli. Akaona majani yaliyotandazwa, akaona mashina yaliyopangwa kwa nafasi sawa, na katika kila shina migomba mitatu, mama, binti na mjukuu. Akatazama huku na huku kama mtu asomaye ukurasa. Kisha akaingia ndani, akatoa jembe.

4. Majani ya manjano

Mwezi wa Novemba, msimu wa senene, watoto walikuwa kibanjani wakiwatafuta wadudu hao katika majani. Ndipo mvulana alipoita, "Dada, njoo uone! Mgomba huu una nini?"

Ulikuwa mmoja wa migomba ya nshakara karibu na kaburi. Majani yake yalikuwa yamegeuka manjano, yamelegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mkungu wake ulikuwa bado mchanga, lakini ndizi kadha wa kadha zilikuwa zimeiva kabla ya wakati. Binti alichuma moja akaipasua. Ndani ilikuwa ya rangi ya kahawia, kama iliyooza.

Moyo wake ukashtuka, kwa maana mwalimu alikuwa amewafundisha dalili hizo. Ugonjwa huo ni mnyauko wa migomba. Hutokana na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukatambulika mkoani Kagera, katika wilaya ya Muleba. Kisha ukaenea katika vibanja vingi, hata nyumba nyingine zikakosa chakula. Wadudu waendao kwenye ua la mgomba huuchukua kutoka mti hadi mti. Panga na jembe lililogusa mgomba mgonjwa huupeleka kwa mgomba mzima. Machipukizi yaliyotolewa katika shina gonjwa huupeleka katika shamba jipya. Wala hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuambukizwa.

Kesho yake akaja bwana shamba. Akakagua kibanja chote, akakata shina moja, na utomvu wa manjano ukatoka. Akasema, "Mzee, mashina tisa yanaumwa, na yote yako upande huu wa kaburi. Ni lazima yang'olewe na kufukiwa, nanyi muyasafishe mapanga na majembe kwa moto. Mkichelewa, mtapoteza kibanja kizima, na majirani zenu pia."

Baba akajibu kwa sauti ndogo, "Migomba mingine nitaing'oa. Lakini hii ya kaburini aliipanda mke wangu kwa mkono wake. Ndiyo inayomfunika. Sitaitia panga."

Bwana shamba alimwonea huruma, akaahidi kurudi baada ya siku tatu.

Usiku ule binti hakupata usingizi. Alikumbuka kwamba majuma machache kabla ya hapo alikata majani ya kufunikia chungu kwa panga aliloazima kwa jirani, wala hakulipitisha motoni. Akawaza, "Pengine ni mimi niliyekiua kibanja cha mama." Asubuhi akamwambia baba yake, akilia. Baba akamshika kichwa, akasema, "Huenda ni panga, huenda ni nyuki, huenda ni ndege. Hakuna ajuaye. Mama yako asingekuuliza nani ameleta ugonjwa. Angeuliza tumeufanyaje."

Alipokwisha kusema hayo akanyamaza, kana kwamba ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Ndipo binti akasema, "Baba, mama aliikata migomba yake kila mwezi. Mingine ilikuwa mizima na mizuri, akaikata ili iliyobaki ipate nguvu. Hakupenda mgomba mmoja kuliko kibanja. Tukiiacha hii kwa kumkumbuka yeye, itaua ile mingine yote, nasi tutakuwa tumemsahau."

Baba akatoka nje, akaenda peke yake mpaka kaburini, akasimama pale mpaka jua likawa juu. Aliporudi alichukua panga ukutani, akalitia katika moto wa jikoni.

5. Panga na moto

Kazi ile ilichukua siku mbili. Baba alikata, mvulana akakusanya, binti akachimba pamoja na shangazi, ambaye alikuja ingawa haikuwa Jumamosi. Walichimba shimo refu, wakafukia kila kitu, shina na majani na mkungu. Waliwasha moto kando ya kibanja, na kila walipomaliza shina moja walichoma panga na majembe kabla ya kugusa jingine. Katika migomba iliyobaki, mvulana alikata maua ya chini ya mikungu, yale yavutayo wadudu. Hakutumia panga, bali mti mrefu wenye panda, akilizungusha ua mpaka likavunjika, kama bwana shamba alivyoagiza.

Jioni ya siku ya pili palikuwa peupe. Kaburi lililokuwa kivulini sasa lilionekana wazi kutoka mlangoni. Mdogo alilitazama, akasema, "Mama atapata jua." Wakubwa walifikiri juu ya neno hilo, wakaona kwamba si baya.

Mvua za masika zilipokuja, mwezi wa Machi, walipanda maharage mahali pale, maana ugonjwa ule hauyadhuru, na udongo ulitakiwa kupumzika bila migomba kwa zaidi ya miezi sita. Kila asubuhi walipokwenda shuleni walipita wakiyatazama. Yakachanua, yakazaa, wakayavuna. Jioni moja maharage yale yakaingia katika chungu, na ndizi za upande wa pili wa kibanja zikapangwa juu yake. Walikula wakiwa kimya kidogo, lakini haukuwa ukimya kama wa siku zile za kwanza.

Upande ule wa pili haukuugua. Mnyauko haukuvuka.

6. Deni la nshakara

Hata mwezi wa Septemba, mvua za vuli zilipokaribia, yule mwanamke wa ng'ambo ya bonde akaja. Siku hizo alikuwa mama wa watoto wawili. Alisimama uani, akabisha hodi, na kichwani mwake palikuwa na kikapu kilichofunikwa.

"Nimeleta deni," akasema.

Baba akashangaa. "Deni gani, mama? Hatukudai kitu."

"Mimi sikudaiwa na wewe. Nilidaiwa na marehemu." Akakitua kikapu, akakifunua. Mlikuwamo machipukizi manne ya nshakara, mafupi, manene, mizizi yake imesafishwa. "Alinipa sita, akaniambia nitamrudishia moja, nasi tutakuwa sawa. Mwaka jana nilikuwa nimekuja kwenye msiba nikakumbuka, lakini haikuwa siku ya kusema. Nikasikia habari ya migomba yenu, nikamwita bwana shamba akakague kwangu mara mbili. Amesema kibanja changu ni safi. Basi leo nimekuja, na jembe langu nimelichoma motoni."

Baba alitaka kusema neno, akashindwa. Ni binti aliyepokea kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, mama. Karibu ndani unywe kahawa."

Jioni ile wakapanda. Baba alichimba mashimo, mvulana akaleta samadi, binti akayasimamisha machipukizi na kushindilia udongo kwa mikono. Mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alishika la mwisho lisianguke. Akauliza, "Dada, huyu ni mama, au ni binti, au ni mjukuu?"

Binti akafikiri. "Ni mjukuu," akasema. "Ni mjukuu wa migomba ya mama. Tukimtunza, atakuwa mama."

Alitaka kusema zaidi, lakini harufu ya kuungua ikatoka jikoni, maana chungu kilikuwa kimesahauliwa motoni. Akakimbia, na mdogo akamfuata nyuma akicheka na kupiga kelele, "Kifiche migombani! Kifiche kabla wageni hawajakiona!"

Bweranyange ya wafalme inakumbukwa kwa chuma. Mama huyu hakuacha chuma, wala utendi. Aliacha namna ya kufunika chungu, namna ya kutandaza majani, na namna ya kumpa jirani kilichozidi. Mambo hayo hayawezi kuwekwa mahali yakatazamwe tu. Hudumu kwa kufanywa kila siku. Watoto wake waliona kwamba siku walizokaa kumlilia tu alikuwa mbali nao, bali walipowasha moto, walipomenya ndizi na kupalilia, alikuwa karibu.

MASWALI

1. Kwa nini kibanja kizuri hakipatikani kwa mwaka mmoja?
2. Mama aliacha migomba mingapi katika kila shina, na aliiitaje? Eleza sababu yake.
3. Baba alifanya nini ili binti yake asiache shule? Je, watu wote walimsifu?
4. Taja dalili tatu za mnyauko wa migomba, na njia tatu ambazo ugonjwa huo huenea.
5. "Tukiiacha hii kwa kumkumbuka yeye, itaua ile mingine yote, nasi tutakuwa tumemsahau." Eleza maana ya maneno haya.
6. Mwana Kupona alimwachia binti yake nini? Mama wa Bweranyange aliwaachia watoto wake nini?
7. Andika insha fupi juu ya kazi moja ya nyumbani uliyojifunza kwa kumtazama mama, bibi au mlezi wako. Eleza jinsi ifanywavyo, hatua kwa hatua.